Stima Zilipopotea Kwenye Kesha

Kama ulikuwa Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, bila shaka unakumbuka ulikuwa wapi. Ilikuwa Ijumaa, saa 3:45 hivi usiku, na karibu nchi nzima ikazimika. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulibaki gizani, mpaka waziri wa uchukuzi akaomba radhi. Mimi nilikuwa Satellite, ndani ya kanisa la mabati hapa karibu na Naivasha Road, kwa kesha, nimekaa kando ya mamangu.

Niseme ukweli mapema: sikuwa nimeenda kuomba. Nilienda kwa sababu mama alisema twende, na wakati huo sikuwa na nguvu ya kumkatalia kitu. Nilikuwa nimeacha chuo mwezi wa kwanza, nikiwa mwaka wa tatu, bila kumwambia mtu. Miezi minane. Kila asubuhi nabeba begi, napanda matatu hadi tao, nakaa mahali nikiandikia watu makala za mtandaoni za malipo kidogo, jioni narudi nimechoka kama mwanafunzi. Karo ambayo mama alikuwa anatoa kwa faida ya mitumba na mkopo wa chama, niliendelea kuipokea. Nyingine nilipeleka kwa kodi ya nyumba. Nyingine nilikula tu. Usiniulize kwa nini niliacha. Nina sababu nne au tano na zote ni za kweli kidogo.

Kwa hivyo mchungaji alipokuwa mbele akikemea nguvu za giza, mimi nilikuwa nimekaa hapo kama mmoja wa hizo nguvu.

Kesha zetu mnazijua. Spika mbili kubwa, kinanda, sauti mpaka mabati yanatetemeka na majirani wanalalamika. Tunaomba wote kwa pamoja, kila mtu akipaza yake, na uzuri wa mtindo huo, au ubaya wake, ni kwamba hakuna anayesikia unachomwambia Mungu. Unaweza kudanganya kwa sauti ya juu kabisa. Mchungaji alikuwa katikati ya neno "giza" (naongeza chumvi, labda lilikuwa neno lingine) stima zikapotea.

Watu wakacheka kidogo. Jenereta haikuwa na petroli. Taa za simu zikawashwa huku na huku, halafu shosho mmoja aliyekaa mbele akasema tuzime, tusimalize chaji bure, kwani Mungu hatuoni? Tukazima. Giza likawa totoro, lile la kutoona mkono wako mwenyewe. Na bila spika, tukakosa namna ya kupiga kelele. Ukipaza sauti katika giza kama hilo unajiskia mjinga. Basi watu wakaanza kuomba polepole, mmoja mmoja, sentensi fupi. Mzee fulani alisema hana kodi ya mwezi huo. Mwanamke mmoja alitaja jina la mtoto na akashindwa kuendelea. Nimekulia kanisani na sikuwa nimewahi kusikia maombi kama hayo. Hakuna aliyekuwa anajionyesha, maana hakuna aliyekuwa anaonekana.

Kisha mamangu, hapo kando yangu, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Akasema mwaka ujao nitavaa joho.

Nimefikiria usiku huo mara nyingi, na kila nikiufikiria nashangaa jinsi tulivyofundishwa kuliogopa giza kuliko Biblia yenyewe inavyoliogopa. Ndiyo, mistari ya nuru ni mingi na siikatai. Lakini soma Kutoka 20: umati wanasimama mbali, Musa analikaribia giza nene, na ndimo Mungu alimo. Sulemani anapozindua hekalu, jengo la dhahabu tupu, anakiri mbele ya watu wote kwamba Bwana amechagua kukaa katika giza zito. Yakobo anashindana mieleka usiku na mtu asiyemwona vizuri, na kabla hajabarikiwa anaulizwa jina lake. Kumbuka mara ya mwisho alipoulizwa yeye ni nani na mtu asiyeona, babake kipofu, alijiita Esau. Hii mara ya pili, gizani, anasema ukweli. Nikodemo naye anakuja kwa Yesu usiku, na wahubiri wengi humcheka kwamba aliogopa watu. Labda aliogopa. Lakini ni wachache katika injili waliopata maongezi marefu hivyo peke yao. Mchana alikuwa mwalimu wa Israeli. Usiku angeweza kuuliza maswali ya kijinga.

Halafu kuna msalaba. Giza linafunika nchi kutoka saa sita mpaka saa tisa, na hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati: Mwingereza akisoma saa ya sita lazima ageuze hesabu kichwani, sisi saa sita ni saa sita, jua la utosi, wakati watu wa mjengo wanatafuta githeri. Saa tatu nzima nchi iko gizani, Mwana anauliza mbona ameachwa, na hakuna sauti inayotoka juu kumjibu. Wakati wa ubatizo wake sauti ilitoka. Hapa kimya.

Sidhani ni bahati mbaya kwamba sisi tuna haraka sana ya kulikimbia giza. Injili ilifika kwetu ikiwa imefungwa pamoja na maneno mengine. Henry Morton Stanley alitoa vitabu viwili, mwaka 1878 na mwaka 1890, na vyote viwili vimeweka giza la Afrika kwenye jina la kitabu. Ukiambiwa kizazi baada ya kizazi kwamba bara lako ndilo giza na ngozi yako ndiyo ushahidi, utajenga kanisa lenye taa nyingi sana. Na ndani ya kanisa hilo, mtu aliye na huzuni isiyoisha, au aliyefeli, au asiyeskia chochote akiomba, atakaa wapi? Ataambiwa akiri ushindi. Mimi nilikiri ushindi miezi minane.

Lakini lazima niwe mwangalifu hapa, na mwaka wenyewe unanilazimisha. Ni mwaka huo huo wa 2023, kuanzia mwezi wa nne, ndipo makaburi ya Shakahola yalianza kufukuliwa kule Kilifi. Zaidi ya miili 400, wakiwemo watoto wengi. Upande wa mashtaka unasema waliambiwa kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Hiyo pia ni teolojia ya kupata maana gizani. Kwa hivyo mtu akikuambia mateso yako ni matakatifu, tazama yeye amesimama wapi. Kama yuko nje, amekula, na anashika ufunguo, toka mbio. Hata lugha nzuri ya maumivu inaweza kuwa kamba.

Vilevile sitaki kuufanya umaskini kuwa ibada. Blakauti ni tamu kwa mtu anayejua stima zitarudi. Kuna watu humu Nairobi wanaomaliza wiki bila tokeni, watoto wanasoma kwa koroboi, na moshi wa mafuta ya taa haumfundishi mtu lolote kuhusu Mungu. Wala simwoni Mungu nyuma ya kila kitu kinachozimika. Mnakumbuka tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipoangukia transfoma pale kituo cha Gitaru na taifa zima likakosa umeme? Tumbili aliishi. Sina mahubiri juu ya hilo.

Ninachoweza kutetea ni kitu kidogo zaidi. Giza linaondoa uso. Mchana nilikuwa na uso wa mwanafunzi na mama alikuwa na uso wa mzazi anayejivunia, na kati ya nyuso hizo mbili Mungu hakuwa na mahali pa kupita. Usiku ule nyuso zilizimwa kwa nguvu, bila hiari yetu. Mama Teresa alipokufa mwaka 1997 dunia ilimjua kwa tabasamu. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 ikajulikana kwamba kwa miaka mingi sana hakuwa akiskia uwepo wa Mungu hata kidogo. Wengine walisema alikuwa mnafiki. Mimi huwaza juu ya wale mapadri aliowaandikia, kwamba angalau palikuwa na mtu wa kumwambia.

Tulitoka kesha mapema, karibu saa saba. Barabara ya kuingia kwetu haina lami na ina mtaro wazi upande mmoja, kwa hivyo mama alinishika mkono. Nilimwambia hapo. Sikupanga. Nilisema, "Mum, mimi siendi shule. Niliacha Januari."

Hakusimama. Tukatembea kama nyumba tatu hivi.

"Na pesa?" akauliza.

Nikamwambia.

Mama huniita "baba" kwa sababu nimepewa jina la babake. Alisema, "Baba, mimi nilikopa." Hakusema lingine mpaka tukafika kwa geti. Hakuwa ameuachilia mkono wangu, na ningependa kuandika kwamba huo ulikuwa msamaha, lakini mtaro ulikuwa hapo kando na yeye haoni vizuri usiku.

Watu wa Pwani wa zamani wakisema usiku wa Ijumaa, wanamaanisha huu ambao sisi tunauita Alhamisi usiku. Kwao siku inaanza jua likitua, sawasawa na Mwanzo 1, ambapo jioni inatajwa kwanza na asubuhi inafuata. Nilijifunza hilo baadaye. Usiku wenyewe sikuona mwanzo wowote. Nilikaa kitandani na nguo zangu nikimsikia upande wa pili wa pazia, hajalala.

Stima zilirudi kesho yake. Balbu ikawaka, tukaonana, na mama akatazama kando. Wiki mbili alinisalimia tu. Chama kilitaka pesa yake na bado ninailipa, elfu mbili mwezi huu, elfu moja mwezi ule, kulingana na makala zilizolipwa. Bado tunaenda kesha. Spika zikinyamaza mchungaji akinywa maji, huwa namsikia mama akiomba kwa sauti ya chini. Joho halitaji tena. Siskii sentensi zote, jina langu tu.