Mtungi Mtupu

Nilikata dirisha kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 3, nikapitisha mwiko mzee uwe kijiti cha kutua, nikatoboa vitundu chini maji ya mvua yatoke. Nikautundika kwenye waya wa nguo nyuma ya ploti, na mtama wa shilingi 20 ndani. Jirani akacheka: “Kwani wewe umeshiba?”

Siku ya tatu, shomoro wakaja.

Kisha nikasota. Mtama ukaisha. Kila asubuhi walitua kwenye mwiko, wakachungulia, wakaruka. Nikajiuliza: ukimpa mtu kitu ambacho hakukuomba, una deni la kuendelea kumpa?

Ningesema hapana haraka. Lakini mjomba alinilipia karo mihula minne, halafu akanyamaza. Nilijua yameisha nilipozuiwa kufanya mtihani. Nimemwita katili miaka yote. Labda naye alikuwa amesota tu. Kuishiwa si kosa. Kosa ni kumwacha mtu akichungulia mtungi mtupu.

Shomoro watapata mbegu kwingine. Siwezi kuwaeleza hali yangu. Mimi ningeelezwa, ningeelewa.

Jana niliushusha mtungi. Nikipata mtama, nitautundika tena.