Una Maneno Mangapi?

Siku hizi kuna mtihani ambao vijana wanaufanya wenyewe, bila kulazimishwa na mwalimu, usiku, wamelala kitandani na simu mkononi. Unaletewa neno la Kiingereza, unachagua maana yake, unabonyeza, linakuja jingine. Mwanzoni ni maneno ya kila siku. Halafu yanazidi kuwa magumu, mpaka unafika mahali unabahatisha tu. Mwisho unapewa namba: una maneno 6,300. Una maneno 9,100. Ukiipenda namba yako unaituma kwenye grupu. Usipoipenda unanyamaza, ama unarudia tena.

Sina ugomvi na mchezo huo. Nimeucheza, na namba yangu haikunikera. Kinachonisumbua ni lile swali linalobaki baada ya namba kutoka: hapa kimepimwa nini hasa? Na swali hilo nikilipeleka kwetu Lamu linageuka kuwa jingine, zito zaidi: ni nani anayepaswa kujifunza maneno ya mwenzake?

Tuanze na namba. Mmoja kati ya mitihani inayojulikana zaidi ni ule wa Paul Nation, mtaalamu wa lugha wa New Zealand, alioutoa na David Beglar mwaka 2007. Una maswali 140. Maneno yamepangwa katika mafungu 14 ya elfu moja moja, kuanzia yanayotumika sana hadi yale adimu, na kila fungu limetoa maneno 10. Kwa hiyo kila jibu sahihi linahesabiwa kuwa maneno 100. Ukipata 91, unaambiwa una 9,100. Yaani hakuna aliyekuuliza maneno elfu tisa. Umeulizwa 140, mengine yamekadiriwa. Huo si ulaghai. Daktari naye hakutoi damu yote ili akupime malaria.

Lakini maneno hayo yalipangwa kwa kutumia hazina ya Kiingereza cha Uingereza, yenye maneno kama milioni 100 yaliyokusanywa kutoka vitabuni, magazetini na kwenye mazungumzo ya watu. Neno likiitwa "la kawaida", maana yake ni la kawaida kwa watu wa kule. Mtoto wa Matondoni anaijua mikoko kwa majina: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi. Anajua miti ikikatwa inaitwa fito, pau, boriti au nguzo kulingana na unene wake. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo kwake hayo ndiyo maneno ya elfu ya kwanza.

Halafu kuna swali la neno ni nini. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikadiria kwamba Mmarekani wa kawaida wa miaka 20 anajua maneno 42,000, ukiyahesabu kama yanavyopangwa kwenye kamusi. Watafiti hao hao wakasema maneno hayo yote yanatokana na familia 11,100 tu. Mtu ni yule yule, kichwa ni kile kile, ila namba moja ni karibu mara nne ya nyingine. Sasa chukua Kiswahili: soma, someka, somesha, somo, msomi, msomaji, usomaji, kisomo. Hayo ni maneno manane ama ni moja? Jibu lolote utakalotoa litakufanya uonekane tajiri au maskini wa lugha, na wewe hujaongeza wala kupunguza kitu.

Basi namba isikutishe. Ila pia tusijidanganye kwamba haina maana. Kiingereza kinafungua milango, na kinaifunga. Mwaka 2021 Kenya ilisaini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, na muda si mrefu ikawa gumzo nchi nzima kwamba wengi wameangukia mtihani wa Kiingereza. Hao ni watu waliosoma uuguzi kwa Kiingereza na kuandika ripoti za wodini kwa Kiingereza. Kwa hiyo mzee akikwambia "Kiingereza si akili", anasema kweli, lakini ukweli huo haulipi karo. Mimi simwambii kijana yeyote aache kujifunza.

Ninachouliza ni juu ya mzigo. Hebu nieleze unavyokaa.

Kwetu Langoni, mjini Amu, kijana aliyesoma ana kazi ambayo haikuandikwa popote: kuwasomea wazee. Barua ya benki, fomu ya hospitali, notisi ya serikali. Unakaa barazani, mzee anatoa karatasi mfukoni imekunjwa mara nne, unaisoma kwa Kiingereza kimyakimya halafu unaisema kwa Kiamu. Miaka ile ya mambo ya bandari karatasi zilikuwa nyingi. Siku moja nilikuwa na moja inayoeleza "dredging", yaani kuchimba na kuzoa mchanga chini ya bahari ili meli kubwa zipate kina. Nikaeleza. Nikasema karatasi inasema maji yatachafuka kwa tope, lakini kwa muda tu, na karibu na pale pale panapochimbwa.

Mzee mmoja, nahodha wa zamani wa jahazi, hakuuliza "dredging" ni nini. Aliuliza: "Bamvua au mai mafu? Kusi au kaskazi?"

Karatasi niliyokuwa nayo haikuwa na jibu.

Wewe uliyekulia mbali na bahari, swali lake ni hili. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Kwenye mikondo kati ya visiwa maji hukimbia kwa nguvu. Maji mafu ni siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haipwi sana, na mwendo wake ni mdogo. Kusi ni upepo wa miezi ya katikati ya mwaka, mkali. Kaskazi ni ule wa kuanzia mwisho wa mwaka. Tope likichimbuliwa wakati wa bamvua litachukuliwa mbali, mpaka kwenye matumbawe na majani ya bahari ambako samaki huzalia. Likichimbuliwa maji mafu litatua karibu. Kwa hiyo mtu akisema "karibu na pale pale" bila kusema lini, bado hajasema kitu. Mzee aliona tundu hilo kwa maneno manne, na hakuna hata moja kati ya hayo manne ambalo lingempa alama kwenye ule mtihani wa simu.

Usinielewe vibaya. Sisemi Kiingereza hakina maneno hayo. Kinayo, Waingereza ni mabaharia wa tangu zamani, bamvua ina jina lake na maji mafu yana jina lake. Lakini niliwahi kumuuliza rafiki yangu wa Nairobi, mwenye alama zaidi ya 11,000, akayakosa yote mawili. Hana kosa, maana hana bahari. Neno linakaa pale penye kazi yake, na kazi ikiondoka nalo linaondoka, liwe la Kiswahili au la Kiingereza.

Sasa tazama mzigo. Mzee wa Amu alitakiwa aelewe "dredging", la sivyo angeitwa mjinga wa maendeleo. Aliyeiandika ile karatasi hakutakiwa ajue bamvua. Angeweza kufika, kuandika, kulipwa na kuondoka bila kulijua, na hakuna ambaye angemwambia kwamba ana upungufu wa msamiati. Upungufu ule ule, upande mmoja unaitwa ujinga, upande wa pili hauna hata jina. Hapo ndipo ninaposema suala hili limetoka kwenye lugha na kuingia kwenye haki.

Na si nadharia tu. Wavuvi na wakazi wa Lamu walikwenda kortini mwaka 2012 kwa sababu ya mradi wa bandari. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa, zikiwemo za utamaduni na za kupewa habari, na ikaamuru walipwe fidia ya kama shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Juni 2019, mahakama ya masuala ya mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa Kwasasi, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumshirikisha mtu ni zaidi ya kumwita kwenye mkutano na kumpa soda. Mtu hajashirikishwa kama hajaelewa, na pia kama hakueleweka. Hii sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa maandishi mambo yako sawa. Barazani bado ni kijana mmoja na karatasi iliyokunjwa.

Lakini ningekuwa mnafiki nikiishia hapo, kwa sababu mzigo huu haubebeshwi na Kiingereza peke yake. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Pengine ilikuwa lazima lahaja moja ichaguliwe. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Amu, mji ulioandika tenzi wakati shule hizi hazijazaliwa, anafika darasani akiandika "tini" na "mato" na "yana", na kalamu nyekundu inayageuza kuwa "chini" na "macho" na "jana". Anaanguka mtihani wa lugha ya mama yake. Aliyetoka bara na Kiswahili cha kitabuni haambiwi kwamba amekosa kujua "ndoo" ya Amu ni "njoo".

Na sisi watu wa visiwani tunao wa kwetu. Kule bara ya Lamu, msituni, wako Waaweer, wale wanaoitwa Waboni, waliojulikana tangu zamani kwa uwindaji na urinaji wa asali. Mwaaweer akija Mokowe au Amu anazungumza Kiswahili. Ni watu wangapi Amu wanaojua maneno kumi ya Kiaweer? Matano? Ukimsikia mtu akicheka Kiswahili cha Mwaaweer, ujue umesikia ile kalamu nyekundu ikiongea. Anayekaa juu ya mwenzake hujisahau kwamba naye ana asiyoyajua. Hiyo ndiyo hatari ya kuhesabu maneno kwa upande mmoja, na haijali rangi wala dini wala kabila.

Kuna mtu wa Lamu aliyeuona mzigo huu mapema akaamua kuubeba kwa pande zote mbili: marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927. Katika *Sambo ya Kiwandeo*, shairi lililochapishwa 1979, alieleza jinsi chombo kinavyoundwa Lamu, na humo akayahifadhi majina ya ufundi ambayo yangezikwa pamoja na mafundi. Katika *Umbuji wa Mnazi* akafanya hivyo hivyo kwa mnazi. Wakati huo huo alikuwa akibuni maneno ya vitu vipya. Ukisema "runinga" unatumia neno lake. Hakuona kwamba kulinda maneno ya jahazi ni kuikataa televisheni. Alichotaka ni kila kitu kinachoingia nyumbani kipewe jina, na kila kilichokuwemo kisipoteze jina lake. Sijui mtihani wa kumpima mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo rai yangu ni ndogo, na inatekelezeka. Kijana, endelea na Kiingereza chako. Bila hicho karatasi ile nisingeweza hata kuifungua. Lakini kila anayeleta karatasi Lamu, awe mhandisi, mtafiti au ofisa wa serikali, naye apewe mtihani wake kwanza. Maswali matano yanatosha. Bamvua huja lini? Maji mafu nayo? Kusi ikivuma, chombo kidogo hupita wapi kwenda Pate? Mkandaa na mchu zinatofautianaje? Anayevua hapa unapotaka kuchimba ni nani, na anapaitaje?

Akianguka, asifukuzwe na asichekwe. Akaribishwe barazani, apewe kahawa, akae na yule nahodha mpaka aelewe, kisha ndiyo aandike. Sisi maneno yake tumefundishwa kwa miaka 12 ya shule. Ya kwetu anaweza kuyaanza kwa wiki moja.