Choyo, Mali na Kuridhika: Fundisho la Kikristo na Mtaa wa Kamenge

Choyo, katika mafundisho ya Kikristo, ni kupenda mali kupita kiasi. Kiasi hicho hakipimwi kwa wingi wa fedha. Maskini anaweza kutawaliwa na choyo na tajiri akawa huru nacho, kwa kuwa kinachochunguzwa ni mahali mtu alipoweka tumaini lake. Ndiyo maana Amri Kumi, baada ya kukataza uuaji, uzinzi, wizi na ushahidi wa uongo, ambayo yote ni matendo, huishia kwa kukataza hamu: mtu asiitamani nyumba ya jirani yake wala chochote alicho nacho. Mwizi hushtakiwa mbele ya hakimu. Anayetamani cha mwenzake hana hakimu ila dhamiri yake na Mungu wake.

Maandiko yanaonyesha jinsi hamu hiyo inavyokua hata ikamwaga damu. Mfalme Ahabu alikuwa na jumba na utajiri, lakini shamba la mizabibu la Nabothi, lililopakana na jumba lake, lilimkosesha hata chakula. Nabothi alikataa kuliuza kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli akaandaa mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe hadi kufa, na mfalme akashuka kulichukua shamba. Katika kisa hicho kimoja amri kadhaa zinavunjwa mfululizo, na ya kwanza kuvunjwa ni ile iliyowekwa mwisho.

Injili ya Luka inaingia ndani zaidi. Mtu mmoja anamwomba Yesu aamue ugomvi wa urithi kati yake na ndugu yake. Yesu anakataa kuwa mgawanyaji, kisha anasimulia habari za tajiri aliyepata mavuno mengi, akaazimia kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, naye akaitwa kufa usiku ule ule. Mavuno yenyewe hayakuwa dhambi. Shamba lilizaa, wala hakumwibia mtu. Kosa liko katika mashauri yake: anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anajiahidi miaka mingi ya raha. Katika mpango wote hatajwi kibarua, jirani wala Mungu. Mtume Paulo, katika waraka kwa Wakolosai, anahesabu choyo kuwa ibada ya sanamu, na sababu yake inaonekana hapa. Mwenye choyo anadai kwa mali kitu ambacho mali haina, yaani usalama dhidi ya kesho. Asipoupata, hudhani kilichopungua ni kiasi, akaongeza; akikosa tena, huongeza tena. Choyo hakishibi kwa sababu kinatafuta kitu mahali ambapo hakipo.

Haifuati kwamba mali ni uovu. Ibrahimu alikuwa tajiri, na Zakayo aliyetoa nusu ya mali yake hakuambiwa atoe nusu iliyobaki. Swali ambalo Kanisa limelishughulikia kwa karne nyingi ni hili: mali ikishapatikana kwa haki, ni ya nani katika matumizi yake? Basili, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, alihubiri juu ya yule tajiri wa ghala katika karne ya 4. Mwishoni mwa miaka ya 360 nchi yake ilipatwa na ukame na njaa, huku wenye nafaka wakiifungia wakingoja bei ipande. Hoja yake ilikuwa kwamba kilichozidi mahitaji ya mwenye nacho ni haki ya mwenye njaa, na kukizuia ni kumnyang'anya. Hakuishia katika kuhubiri: alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, wageni na maskini.

Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliipanga hoja hiyo kwa utaratibu. Akatofautisha kumiliki na kutumia. Mtu anaruhusiwa kuwa na mali yake kwa sababu kila mmoja hutunza vyema zaidi kilicho chake, na kwa sababu ugomvi hupungua mipaka ikijulikana. Lakini katika matumizi anapaswa kuwa tayari kumgawia mwenye shida, kana kwamba mali hiyo ni ya wote. Akaenda mbele na kusema kuwa aliye katika hatari ya kufa, akichukua cha mwingine ili aokoe uhai wake, hahesabiwi kuwa mwizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulilirudia fundisho kwamba vitu vya dunia vimekusudiwa watu wote. Upande wa Waprotestanti, John Wesley alifundisha katika karne ya 18 kwamba Mkristo afanye kazi apate kadiri awezavyo kwa njia halali, aweke akiba, kisha atoe. Akakazia kuwa kupata na kuweka bila kutoa ni hasara ya roho. Kwa wote hawa mwenye mali ni wakili anayetunza, anayetumia na atakayetoa hesabu.

Kinyume cha choyo ni kuridhika. Paulo anaeleza katika waraka kwa Wafilipi, ulioandikwa kutoka kifungoni, kwamba alijifunza kuwa radhi katika hali yoyote, ya kushiba na ya njaa. Anasema alijifunza: si tabia ya kuzaliwa nayo, ni zoezi. Lakini zoezi hilo lina sakafu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unataja chakula na mavazi kuwa kiasi cha kumtosha mtu, na asiye na hivyo bado hajafikiwa na ushauri huo. Sala ya Aguri, katika kitabu cha Mithali, inaomba kuepushwa na utajiri na umaskini pia: utajiri usimfanye mtu amkane Mungu, umaskini usimfanye aibe. Ufukara, katika sala hiyo, ni hatari ya kuombewa kinga kama ulivyo utajiri.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kuridhika ni fadhila ambayo mtu huitenda kwa ajili ya nafsi yake tu. Anaweza kusema kwamba chake kimemtosha. Hawezi kusema kwamba cha mwenzake kimemtosha mwenzake. Aliyeshiba akimhubiria mwenye njaa kuridhika, ametumia fadhila kulinda choyo chake. Waraka wa Yakobo unalikataa jambo hilo waziwazi: unamkemea anayemwambia ndugu aliye uchi aende akaote moto bila kumpa nguo, na unasema kuwa ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele hadi kwa Mungu.

Ukweli huu unaonekana wazi katika Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ulio jirani na Kinama, Cibitoke na Ngagara. Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834, na sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8, wengi wao wakiishi kwa kilimo. Mahali kama hapo, kipande cha shamba au kiwanja ni uhai wa familia. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vilivyofuata viliigawa mitaa ya mji kwa ukabila. Kamenge ukabaki mtaa wa Wahutu, na mwaka 1995 operesheni za jeshi ziliwakimbiza wakazi wake. Nyumba nyingi katika mitaa hiyo ziliporwa na kubomolewa. Vita hivyo havielezwi kwa choyo peke yake, maana vilikuwa na mizizi ya hofu, utawala na mauaji ya nyuma, hasa yale ya mwaka 1972 yaliyowakimbiza watu hadi Tanzania. Lakini kila palipokimbiwa na mtu pamebaki nyumba, na mbele ya nyumba hiyo jirani amesimama na amri ya mwisho.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliweka kanuni kwamba wakimbizi warudishiwe mali zao au wafidiwe, na mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya kushughulikia ardhi na mali nyingine. Kesi zilizoletwa zilikuwa chungu. Katika nyingi alikuwapo aliyekimbilia Tanzania mwaka 1972 akaacha shamba, na aliyeishi juu ya shamba hilo miongo mitatu, pengine amelinunua kwa nia njema au amepewa na serikali. Kumwambia aliyerudi aridhike na hasara yake ni kumhukumu Nabothi. Kumfukuza aliyepo bila kumfikiria ni kumtengeneza mkimbizi mwingine. Fundisho la Kikristo halitoi hukumu ya kila kesi, kama vile Yesu alivyokataa kuwagawia ndugu wale wawili. Linachodai ni kwamba kila upande uje ukiwa tayari kusikia haki ya mwenzake, jambo ambalo choyo hakiwezi.

Kamenge ina pia mfano wa mali iliyowekwa kwa matumizi ya wote. Mapema miaka ya 1990 wamisionari Wasaveriani walianzisha Kituo cha Vijana cha Kamenge, kwa ajili ya vijana wa mitaa ya kaskazini wa makabila yote. Viwanja vya michezo, maktaba na madarasa yake viliendelea kuwakutanisha vijana wakati ambapo kuvuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kulihatarisha maisha. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood iliyoanzishwa nchini Sweden. Katika mtaa huo huo, Septemba 2014, masista watatu wa Kisaveriani kutoka Italia, Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernadetta Boggian, waliuawa nyumbani mwao. Wote walikuwa wamepita miaka 70 na walikuwa wametumikia kwa muda mrefu Kongo na Burundi. Umaskini wao ulikuwa wa nadhiri, uliochaguliwa kwa hiari. Umaskini wa majirani zao haukuchaguliwa, na Kanisa linapousifu wa kwanza halina ruhusa ya kuuvumilia wa pili.

Mfano mwingine ni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo nchini Burundi vimeenea pia kwa jina la Nawe n'uze. Kwa kawaida fedha hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Kila mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano kwa kikao. Mwenye uwezo zaidi hazidishi hapo, asije akakimeza kikundi. Upo pia mfuko wa msaada kwa mwenye msiba au ugonjwa. Hakuna anayeambiwa asitake maendeleo: lengo ni mtaji, ada ya shule, bati la nyumba. Tamaa imepewa mpaka, na mpaka huo ndio unaowawezesha wote kupanda pamoja.

Mahubiri ya aina mbili hupotosha fundisho hili mijini Afrika Mashariki. Ya kwanza yanaahidi kwamba sadaka kubwa italeta utajiri mkubwa. Hapo Mungu anageuzwa kuwa njia ya kufikia mali, na asiyetajirika anabebeshwa mzigo wa pili, kwamba imani yake ni haba. Ya pili yanamwambia maskini kuwa hali yake ndiyo mapenzi ya Mungu, na kudai haki ni tamaa. Yanaonekana kupingana, lakini yote mawili humwacha mwenye nacho bila swali lolote.

Fundisho lenyewe linaanza kwa kumwuliza yeye. Mwenye nacho anatakiwa aweke kikomo cha hamu yake na azitolee hesabu ziada zake. Asiye nacho ana haki ya kudai chakula, mavazi, makazi na ujira wake, naye anatakiwa tu asiruhusu shida imfundishe kutamani cha jirani. Jamii nayo inatakiwa iweke sheria na taratibu zinazomlinda Nabothi dhidi ya Ahabu. Masharti hayo yakienda pamoja, kuridhika kunakuwa uhuru wa moyo. Yakitenganishwa, kunabaki jina zuri la dhuluma.