Msizoee Kiti

Wanangu mnaoishi Ruiru na kufanya kazi Nairobi, nanyi wa Thika mnaoshinda mbele ya kompyuta, nisikilizeni. Sisi wazee hatukuwazidi bidii; kazi zenyewe ndizo zilizotunyoosha viungo. Tulichuma kahawa tangu asubuhi, tukabeba madebe hadi kwenye mizani. Leo mengi ya mashamba hayo yameota majumba ya kupanga, na riziki imehamia kitini: kiti cha matatu, cha ofisi, cha sebuleni. Mtu anashuka stejini, paa la nyumba yake analiona, na bado anaita boda.

Msidhani ni maneno ya uzee. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kutwa, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tiketi. Basi moja, njia moja, mioyo mbalimbali. Basi mtazameni dereva na makanga wake.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo, yaani nusu saa kwa siku tano, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Tangu 2020 halidai tena kwamba kila mwendo ufike dakika 10 mfululizo. Kila kidogo kinahesabiwa. Kwa hiyo jimu isiwe kisingizio. Shuka steji moja kabla ya yako kungali mchana. Vuka Thika Road kwa daraja la juu, usiruke vizuizi. Simu ikilia kazini, ipokee umesimama. Aliyekaa miaka aanze polepole. Mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza.

Na heshima yenu isitulemaze. Mnamleta mama kutoka kijijini, mnamweka ghorofani, na kila akigusa ufagio mnamwambia, “Kaa tu, mama, utaletewa.” Mnadhani mnamtunza, kumbe mnamkausha magoti. Mwacheni amwagilie sukuma wiki yake kwenye magunia. Akitaka kwenda sokoni, msimwitie boda; mmoja wenu afuatane naye kwa miguu, abebe kikapu. Hapo mtakuwa mmewainua watu wawili.