Klachi Haikuwa na Kosa

Hiace ya njia ya Mombo hadi Lushoto ilianza kulia ikiwa stendi inasubiri abiria. Injini inaunguruma, gia iko frii, dereva hajagusa pedali yoyote, na chini ya sakafu unasikika mkwaruzo wa chuma. Akikanyaga klachi, mkwaruzo unakatika. Akiachia, unarudi. Akajaribu tena na tena, kisha akamwambia konda, "Klachi imekwisha hiyo."

Konda alikuwa ameshika spana gerejini kabla ya kuhamia mlangoni. "Suka, mbona ukikanyaga ndiyo inanyamaza?"

"Wewe dai nauli."

Hoja ya dereva ilikuwa na sura ya kweli: kinachobadilisha mlio ni pedali ya klachi, basi mgonjwa ni klachi. Hivyo ndivyo alivyompigia tajiri simu, na hivyo ndivyo alivyomwambia fundi. Fundi hakuwasha gari asikilize. Mteja amekuja na ugonjwa na dawa yake, ya nini kubishana naye? Giaboksi ikashushwa, zikafungwa diski, presha pleti na rilizi beringi mpya. Mchana kutwa giaboksi ililala miguuni pao, shafti yake ya mbele ikiwa wazi. Kuizungusha kwa vidole tu kungeonyesha jinsi ilivyokwaruza na kuchezacheza. Hakuna aliyeinama.

Kesho yake stendi, mkwaruzo ule ule.

Klachi isipokanyagwa, injini huizungusha shafti ya mbele ya giaboksi hata kama gia iko frii. Ukikanyaga, diski huachana na flaiwili, shafti husimama, na beringi inayoibeba hupumzika. Iliyokuwa ikinyamaza ni beringi ya giaboksi. Rilizi beringi tabia yake ni kinyume: hulia pale mguu unapoanza kuibana pedali, kwa kuwa ndipo inapobeba mzigo.

Tajiri, aliyekwisha toa fedha, hakutaka kusikia habari ya kushusha giaboksi tena. "Piga kazi, tutaangalia mwisho wa mwezi." Hiace ikaendelea kupanda kona za Usambara, hesabu ikiletwa kila jioni. Beringi ilipomeguka, shafti ikayumba, meno ya gia yakalana na vipande vya chuma vikasambaa kwenye oili. Gari likazimikia karibu na Soni likiwa na abiria. Gharama ya beringi moja ikawa ya giaboksi nzima, juu ya klachi iliyobadilishwa bure.

Funzo ni hili: usimpelekee fundi jina la ugonjwa, mpelekee mlio na wakati wake. Kabla ya kwenda gereji, simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka frii na usikilize kabla ya kugusa klachi. Kisha kanyaga polepole hadi mwisho, ukiangalia mlio unapoanzia na unapokatikia. Pedali ikiwa chini, subiri kidogo ndipo uingize rivasi; ikikwaruza, huenda klachi haiachii sawasawa.

Milio ya mwendoni nayo ina nyakati zake. Kishindo unapoondoka, au unapoachia mafuta na kukanyaga tena, kinakuelekeza kwenye krosi za propela. Mlio mwembamba unaobadilika kila unapokanyaga na kuachia mafuta, tazama difu na oili yake. Mvumo unaokua kwa kadiri ya mwendo na kugeuka unapokata kona, anza na beringi za magurudumu. Hizi ni dalili za kuonyesha pa kuanzia, hukumu hutolewa baada ya kufungua na kuona.

Fundi naye, akiambiwa "badilisha", awashe gari kwanza. Na giaboksi ikishushwa kwa sababu yoyote ile, shafti yake izungushwe kwa mkono kabla ya kurudishwa. Kazi hiyo haihitaji spea, na ufundi wa kushusha umeshalipiwa.