Itashika Tu

Juu ya meza ninapoandikia pana vipande viwili vya aluminiamu. Ukivitazama kwa haraka utadhani ni sabuni ya kufulia iliyokatwa: unene inchi 2, urefu kama wa kiganja, upande mmoja tundu, upande wa pili kichuma kifupi kimechomoza. Kwa wiki tatu vipande hivi vilikuwa chini ya pikapu yangu. Rafiki yangu anavitaka. Nimemnyima, na tangu Jumapili hashiki simu zangu.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu mimi mwenyewe sijamaliza kubishana na nafsi yangu.

Pikapu yenyewe ni Datsun 1200, ile ndogo ambayo wazazi wetu waliijua kwa kubeba maziwa, kabichi, viti vya harusi na, ikibidi, jeneza. Injini yake ya A12 ni ya cc 1171 tu, lakini ni gari lililokataa kuzeeka. Afrika Kusini waliendelea kuliunda kwa jina la Nissan 1400 mpaka mwaka 2008. Springi zake za nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopinda, yamepangwa moja juu ya jingine. Ekseli imekaa juu ya mabamba hayo na kubanwa kwa yubolti. Kwa kuwa springi hizo zilipimwa kwa ajili ya mzigo, gari likiwa tupu linabaki mkia juu, kama bata aliyezamisha kichwa majini.

Mimi nilitaka ilale. Njia rahisi ni kuingiza kipande kigumu kati ya ekseli na springi. Springi inasukumwa chini, na bodi, kwa kuwa imeshikwa na springi, inashuka nayo. Kipande cha inchi 2, gari linashuka inchi 2. (Kwenye gari ambalo ekseli iko chini ya springi, kipande hichohicho kingeliinua.) Makanika wangu alicheka. "Watu wanainua gari juu ya matuta, wewe unashusha?" Sikuwa na jibu ila kwamba ni maridadi. Bado naamini umaridadi ni sababu tosha. Si hilo linalonikosesha usingizi.

Linalonikosesha usingizi ni jinsi nilivyovipata. Vipande vya chuma kizima vingehitaji fundi wa kukereza, na fundi wa kukereza anataka pesa. Jamaa mmoja huko Eastlands huyeyusha aluminiamu kuukuu, akaniambia nilete vyuma vyangu. Nikapeleka pistoni mbovu, sufuria mbili zilizotoboka na kifuniko cha gia. Nikachonga umbo la mbao, tukalikandamiza kwenye mchanga, tukamimina. Vilipopoa nilivipiga msasa mpaka vikang'aa. Nikavipeleka mtaani kuvionyesha mbogi. Nilikuwa na fahari ya mtu aliyepika chakula chake mwenyewe mara ya kwanza.

Nilimuuliza yule jamaa kama vitahimili. Akasema, "Itashika tu."

Mkenya yeyote anajua neno hilo. Ni neno la waya uliofungwa kwenye silensa na la kandambili iliyoshonwa kwa uzi wa gunia. Sitaki kulidharau. Watu wengi wamekula, wamesoma na wamefika hospitalini kwa sababu kuna mtu aliyeshika kitu kilichovunjika akasema itashika, na ikashika. Anayelicheka neno hilo aghalabu ni mtu ambaye hajawahi kukosa pesa za spea.

Baada ya wiki tatu nilianza kusikia mgongo wa nyuma ukigonga kila nikipita kwenye tuta. Nikaingia chini na tochi. Nati za yubolti zilikuwa zimelegea, na sikuwa nimezilegeza mimi. Nilipofungua nikaona kwa nini: aluminiamu ilikuwa imebonyea pale ilipobanwa, kwa hiyo kilichokuwa kimekazwa hakikuwa kimekazwa tena. Kipande cha kushoto kilikuwa na ufa mwembamba kutoka kwenye tundu hadi ukingoni, na pembe yake ilikuwa imemeguka. Ndani kulikuwa na viputo, tele, kama mkate.

Hapo nililala chini ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kazi ya kipande hicho si kujaza nafasi tu. Kila ukikanyaga breki au mafuta, ekseli inataka kujipinda, na kipande kinageuka kuwa kama mkono wa spana: kadiri kilivyo kirefu ndivyo nguvu ya kupinda inavyozidi. Kile kichuma kinachochomoza huingia kwenye tundu la ekseli, na kichwa cha bolti ya katikati ya springi huingia kwenye tundu la kipande. Pamoja na yubolti, hivyo ndivyo vinavyozuia ekseli isihame. Kipande kikipasuka, yubolti hazina tena cha kubana. Ekseli inakwenda upande, na magurudumu ya nyuma yanaanza kuelekeza gari kule ambako usukani haujaelekeza.

Nikakopa, nikaenda kwa fundi wa kukereza, nikatengenezewa vingine kwa chuma kizima. Nikanunua yubolti mpya ndefu zaidi, sikurudisha za zamani. Nikaendesha kilomita kama mia, nikazikaza tena. Gari limelala vilevile. Ukiliangalia kwa nje huwezi kujua tofauti ya wiki iliyopita na wiki hii.

Ndipo rafiki yangu akapiga simu. Naye ana Datsun, na mfuko wake mwezi huu ni mtupu. "Buda, nipe zile za kwanza. Kile chenye ufa nitakichomelea." Nikamweleza kuhusu viputo. Akaniletea hoja tatu, na kila moja ilikuwa na uzito.

Ya kwanza: "Si zilikubeba wiki tatu?" Ni kweli. Lakini zilinibebaje? Mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, aliwahi kuandika kuhusu bahati katika mambo ya maadili, na mmoja wa mifano yake ni dereva wa lori ambaye hakukaguliwa breki zake. Mtoto akijitokeza barabarani, dereva huyo atabeba kifo hicho maisha yake yote. Mtoto asipojitokeza, atafika nyumbani ale alale. Uzembe ni uleule. Kilichotofautiana ni kama kuna mtoto aliyevuka. Niliposoma mfano huo zamani niliuona kama kitendawili cha darasani. Chini ya Datsun niliuona kama ripoti kunihusu. Wiki tatu zangu hazikuthibitisha kwamba kipande ni kizima. Zilithibitisha tu kwamba hakuna aliyevuka.

Ya pili: "Ni gari yangu, ni risk yangu." Natamani ingekuwa hivyo. Mtu akitaka kupanda mwamba bila kamba, sina la kumwambia. Lakini gari halianguki mahali ulipo wewe peke yako. Katika barabara zetu, watembeao kwa miguu ndio wengi kuliko wote kati ya wanaokufa. Ekseli ikihama Jogoo Road jioni, gari halitachagua kwenda ukutani. Litaenda kule kuliko na mama anayechoma mahindi na foleni ya watu wanaosubiri matatu. Hao hawakuulizwa kama itashika.

Ya tatu ndiyo iliyonichoma. "Na wewe uliendesha nazo. Leo umekuwa mtakatifu?"

Hapo nilinyamaza. Niliendesha nazo Thika Road. Nilibeba binamu zangu wawili nyuma siku ya Idd, wakiimba. Sikujua kuhusu viputo, huo ndio utetezi wangu, lakini ni utetezi dhaifu: sikujua kwa sababu sikutaka kujua. Ningeweza kukata kipande kimoja cha majaribio kabla ya kuvifunga. Ningepoteza siku moja. Nilikuwa na haraka ya kupiga picha.

Kwa hiyo nina deni, na sijui nilipe wapi. Binamu zangu hawakuumia. Siwezi kuwapigia simu niwaombe msamaha kwa ajali ambayo haikutokea, watacheka. Anayedai ni nani hasa? Nimefikiria sana, na jibu pekee nililopata ni dogo. Deni la bahati hulipwi kwa uliyemponyoka. Unalilipa kwa kutompa mwingine mzigo uliouponea.

Nikisema "itashika" juu ya kitu changu, kwa ajili yangu, hilo ni tumaini, na maskini ana haki ya kutumaini kama tajiri. Nikimwambia mtu mwingine "itashika" huku nikimkabidhi kitu mkononi, neno limegeuka. Sasa ni ahadi. Na kitu hiki kikishafungwa hakuna atakayekiona tena: si trafiki, si abiria, si mtu atakayenunua hiyo Datsun miaka mitatu ijayo. Kitakuwa gizani pale kati ya ekseli na springi, kimefunikwa tope, kikibeba neno langu. Yule jamaa wa Eastlands sitamlaumu. Mimi ndiye niliyemtafuta wa bei nafuu, na ndiye niliyejua kinakokwenda.

Najua pia ni rahisi kusema haya nikiwa nimeshapata vya chuma. Ndiyo maana nilimtumia rafiki yangu ujumbe: twende wote kwa fundi wa kukereza, nusu ya gharama nitatoa mimi, atanirudishia akipata. Alama mbili za buluu zimeonekana. Jibu halijaja. Huenda ameshavipata vingine kwa mtu mwingine, naye ameambiwa neno lilelile.

Hivi viwili navirudisha Eastlands Jumamosi vikayeyushwe. Nitaomba vifanywe sufuria. Sufuria yenye viputo ikikushinda, hasara ni chai.