Meno ya Mtoto na Amana ya Mzazi

 

Ndugu mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri kutuuliza khabari ya mwanawe wa miaka 9. Meno yake ya juu yamechomoza, mengine yamepandana, na wenziwe chuoni humcheka. Tabibu wa meno amesema angoje mpaka meno ya utoto yang'oke, kisha afungwe nyaya kadiri ya miaka 2. Gharama yake ni kubwa. Rafikiye akamwonyesha njia nyingine: mtoto abandike ulimi katika kaakaa, na avae kifaa cha kutanua taya, kinachoagizwa kwa posta bila ya tabibu. Je, yajuzu?

Ama kunyoosha meno kwenyewe, wengi huogopa kuwa ni kubadili maumbile, jambo ambalo Iblisi aliapa kuwaamrisha wanadamu, kama ilivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 119. Na katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Ibn Masud, wamelaaniwa wanawake wenye kutia mianya katika meno yao kwa ajili ya uzuri. (Nasi watu wa pwani twausifu mno mwanya!) Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Muslim, amebainisha kuwa lililokatazwa ni la kutafuta uzuri, likihitajiwa kwa dawa au kwa kasoro ya jino, hapana ubaya. Na Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua siku ya Kulab, alitia pua ya fedha ikaoza, na Mtume s.a.w. akamwamrisha atie ya dhahabu. Hapo hapana shaka kubwa.

Shaka iko pale ambapo ndugu huyu hakuuliza. Taya lile si lake. Mtu mzima akijaribia dawa kinywani mwake, amejitia mwenyewe. Mtoto hutiwa na babake. Katika madhehebu yetu, walii hatendi katika jambo la mtoto illa lenye maslaha kwake. Akiitia mali ya yatima katika biashara asiyoijua, ikapotea kwa uzembe wake, atailipa. Na mali huweza kulipwa. Chonge la mtu halilipiki. Tena katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, mwenye kujitia utabibu naye hakujulikana nao amefanywa mdhamini wa alichoharibu.

Haki isemwe: si yote wasemayo watu wa njia hiyo ni uwongo. Mtoto anyonyaye kidole miaka mingi huyasukuma meno mbele. Na kaakaa, kabla ya kubaleghe, halijashikana barabara katikati, hata matabibu wenyewe hulitanua kwa kifaa. Lakini hulitanua kwa kipimo, na kwa kumtazama mtoto mara kwa mara. Walioieneza sana njia hii ni John Mew wa Uingereza na mwanawe Michael. Baba alifutwa katika daftari la matabibu wa meno mwaka 2017. Mwana naye mwaka 2024, baada ya kushitakiwa kwa matibabu aliyowafanyia watoto wawili.

Jino halisogei kama msumari katika ubao. Mfupa huyeyuka upande mmoja ukajengeka upande wa pili, polepole, na ndiyo maana ya ile miaka 2. Wako waliofunga mpira mdogo ili wazibe mwanya. Mpira ukateleza ndani ya ufizi hata mizizini, meno mazima yakang'oka. Na huku kwetu Afrika ya Mashariki, waliowapeleka watoto wachanga wakachimbwa ufizi kwa madai ya "meno ya plastiki" hawakuwa wazazi waovu. Mtoto ana homa na kuharisha, mzazi amekosa usingizi, akaamini. Kilichong'olewa ni chipukizi za chonge, na wako watoto waliokufa.

Meno yaliyopandana hayana haraka hiyo. Mzazi akingoja kwa kukosa fedha, hana dhambi.

Tulimwomba aje na mwanawe siku ya pili, tukamwuliza kijana lipi limuudhilo. Hakutaja kuchekwa. Alisema usiku hawezi kupumua kwa pua, huamka kinywa kimekauka. Babake hakuwa na khabari hiyo. Tukamwambia ampeleke kwanza kwa tabibu wa pua na masikio, kwani vinyama vikivimba nyuma ya pua mtoto hulala kinywa wazi, na huenda taya likaathirika katika kukua kwake. Kifaa kile asikiagize.